Mzee wa Mlangoni

Mpendwa Baba,

Binti wa yule Mchungaji Mzungu amekuja Sibwesa. Yule uliyekuwa ukimpa asali akiwa mdogo. Sasa ni bibi, anatembea na fimbo, ila Kiswahili chake bado ni cha huku. Amekuja kwa ajili yako, na ameniacha kichwa kinauma.

Nakumbuka Jumapili zetu. Unapiga pasi ya mkaa shati lako, tunatangulia kanisani kabla ya wote, maana wewe ndiye mzee wa mlangoni. Unampokea kila mtu kwa mikono miwili, unamuuliza habari za shamba na za wagonjwa, ndipo anaingia. Kwetu, mgeni asiyepokelewa mlangoni ni kama amefukuzwa. Na kwa sisi tuliotoka Burundi, tuliokuwa bado tunaitwa wakimbizi, kupewa kazi ile halikuwa jambo dogo. Ulijivuna kidogo, usikatae.

Kisha akaja yule Mchungaji. Jumapili yake ya kwanza alikukuta pale na wazee wenzako, uso ukambadilika. "Sitaki mtu asimame mlangoni kwangu," alisema mbele za watu. Ukarudi nyumbani ibada haijaanza. Mama alipokuuliza, ulijibu, "Ameona mkimbizi hafai kushika mlango." Hukukanyaga tena kanisani hadi tulipokuzika.

Sasa sikia anachosema binti yake. Kwao Marekani, baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, kanisa la Wazungu watupu. Kila Jumapili wazee wa kanisa walisimama mlangoni kuwazuia watu weusi wasiingie kusali. Yeye na wachungaji wenzake wachache wakahubiri kwamba ile ni dhambi. Akafukuzwa na waumini wake mwenyewe, ndipo akaja huku. Ndiyo maana alipokuona wewe, aliwaona wale.

Baba, sijui nicheke au nikasirike. Mtu aliyepoteza kazi kwa kuwatetea weusi ndiye aliyekuondoa wewe mlangoni. Kwa nini hakukuuliza? Na wewe, mbona hukumuuliza? Miaka yote mnapishana sokoni, mnasalimiana kwa heshima zote, basi. Binti anasema baba yake alikuja kuelewa baadaye kwamba wewe ulikuwa ukiwapokea watu, si kuwazuia, akaona haya kukufuata. Nikimhurumia Mchungaji naona nakusaliti. Nikimchukia naona namwonea.

"Kaka, naomba umsamehe baba," ameniambia. "Nipe neno nirudi nalo." Nimemwomba asubiri hadi kesho, kabla basi la Mpanda halijapita.

Nakujua, wewe ungemwambia "Yaishe, mwanangu" kabla hajamaliza kusema, kisha ungeagiza apakuliwe chakula. Lakini mimi ndiye niliyekuona ukikaa peke yako uani, Jumapili baada ya Jumapili, wenzako wakiimba ng'ambo ya barabara. Nitamwambia yaishe, kwa kuwa ndilo neno lako. La kwangu bado silijui.

Pumzika, Baba.

Mwanao wa kwanza