Nimeipa Kuvu Jina la Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Jeni, shikamoo. Naomba msaada wako upesi kabla mambo hayajachapwa, maana hapa nyumbani Bujonde mume wangu hanisemeshi, chakula changu hagusi, anakwenda kula kwa dada yake, na mimi mwenyewe sijui kama nimekosa au nimeonewa.

Binti yetu alifariki mwaka juzi kwa homa, akiwa na miaka tisa. Alipozaliwa alipewa jina la mama mkwe wangu, na wewe shangazi unajua kwetu jina la mkwe halitamkwi, ukilitamka ni kama umemvua nguo hadharani, kwa hiyo toka anazaliwa mpaka tunamzika mimi nilimwita Mama, njoo Mama, kaoge Mama, na hata sasa pale kwenye migomba alipolala, msalaba umeandikwa jina lake na mimi nalisoma kwa macho tu.

Sasa huyo mtoto alikuwa na kichaa cha wadudu. Kwenye miti yetu ya kokoa kuna sungusungu wanaokufa vibaya, anapanda mwenyewe, analing'ata jani kwa chini asiliachie, anafia hapo hapo, halafu shingoni kinamwota kijiti chekundu kama cha kiberiti. Sisi wakubwa tulikuwa tunapita tu. Yeye aliyachuma yale majani akayachomeka kwenye ukuta wa jikoni, nikimgombeza anasema, "Mama, usiwatupe, hawajamaliza kuota." Alipokufa sikuweza kuyatoa.

Mwaka jana akaja Doreen, mtafiti wa chuo kikuu anayezunguka mashamba ya kokoa, akaingia jikoni kuomba maji, akaganda mbele ya ule ukuta. Akanieleza kile kijiti ni kuvu, inamwingia mdudu akiwa hai ikamla kwa ndani, akaenda kutafuta wengine shambani, akawachukua, huko kwao wakawaangalia kwa hadubini, wakapima na vinasaba, wakalinganisha na kuvu zote za jamaa hiyo zinazojulikana, na mwezi uliopita amerudi kuniambia haina mwenzake, ni aina mpya kabisa. Akasema aliyeiona kwanza ni mwanangu, naye angependa kuipa jina lake, akaniuliza, "Aliitwa nani, mama?"

Shangazi, nikalitamka. Tusajigwe. Nikalia, na nikasikia raha ambayo sijaisikia toka tumzike, nikalirudia tena bila kuulizwa.

Habari zilipomfikia mume wangu Asajile akaja juu. "Kitu kinachotoboa wadudu shingo ndicho umekipa jina la mama yangu? Na mama yu hai?" Anasema nisipoliondoa ataikata miti yote ya kokoa yenye wadudu hao. Mama mkwe yeye hakugomba. Alinitazama akasema, "Ndaga, mwanangu, asante, umenizika mapema," akaingia ndani, na toka siku hiyo haitikii salamu yangu. Doreen anasema bado linaweza kubadilishwa, ila likishachapwa kwenye kitabu cha wataalamu ndiyo basi, halifutiki tena. Nami nikiliondoa naona kama namzika mtoto mara ya pili. Nifanye nini?

Mkwe wa watu, Bujonde

*

Binti yangu, pole. Pole kwa mtoto, na pole kwa kufungwa mdomo miaka yote hiyo. Barua yako imeniliza. Sasa nimefuta machozi, keti nikuambie.

Umekosa. Usinizungushe na "sijui kama nimekosa." Kuvu si kosa, wala raha uliyoisikia si kosa. Lakini jina lile lina wenyewe wawili, mmoja kaburini, mwingine amekaa mlangoni kwake anaota jua, na wewe ukaenda kuligawa kwa mgeni aliyeingia kuomba maji. Mwenye jina amekuja kusikia kwa watu. Ungekuwa wewe ungeitikia salamu? Hata mimi jina uliloandika nimelibadilisha kabla ya kulitoa gazetini, maana sina ruhusa ya kulitangaza. Usisahau pia kwamba siku mtoto alipokufa mama mkwe wako naye alifiwa na wajina wake. Je, kuna aliyempa pole kwa hilo?

Mumeo naye aache ubabe. Miti ya kokoa imemkosea nini? Akishaikata mtakula nini ninyi mliobaki? Hasira yake naielewa, ni mfiwa kama wewe, ila yeye alimwita mwanaye kwa jina kila siku na hajui wewe ulinyimwa nini. Mwambie. Nina hakika hujawahi kumwambia.

Haya, sikiliza. Leo hii mpigie Doreen asimamishe uchapaji. Usimwambie afute, mwambie asubiri. Kisha usiende kwa mkweo peke yako. Mchukue wifi yako, huyo anayemlisha mumeo, awe mdomo wako, na muyabebe yale majani ya ukutani. Piga magoti uombe radhi kwanza, na habari ya kuvu usiiguse mpaka radhi ipokelewe, hata kama ni kwa kurudi na kurudi. Ikipokelewa, mwonyeshe majani, mwelezeni nani aliyeyachuma, halafu aulizwe kama anakubali. Aulizwe kweli, siyo kuarifiwa.

Sikufichi, nadhani atakataa. Mwanamke mzima hapendi jina lake litajwe na wasomi kila wakimzungumzia mdudu aliyeoza. Akikataa, likatolewe siku hiyo hiyo, tena bila kununa. Kuvu ipewe jina la Bujonde, yenyewe haitajua tofauti. Wewe utaumia, na dawa ya hilo sina.

Ila kabla hujainuka pale chini, omba kitu kimoja kwa ajili yako mwenyewe. Omba ruhusa uende naye kwenye migomba, asimame karibu yako, na umwite mtoto kwa jina lake kwa sauti. Hilo, nadhani, hatakunyima, maana naye ni mama. Kitabu cha wataalamu hakuna atakayekifungua hapo kwenu, na mwanao hayumo humo. Yupo nyuma ya nyumba yako, na mpaka leo hajakusikia ukimwita jina lake.