Kioo Cheusi

Jumanne, 21 Aprili 1998

Leo bosi ameniita mharibifu mbele ya ofisi nzima. Kosa langu ni kubadilisha rangi za kompyuta, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe. Tangu mashine hizi mpya zije, ule weupe wa vioo vyake unaniumiza macho, na kila jioni naendesha baiskeli machozi yakinitoka. Mama naye alianza hivihivi, na sasa hata mchele hawezi kuchagua.

"Rudisha ilivyokuwa," bosi alisema. "Ukichapa hivyo, karatasi nzima itatoka nyeusi. Wino unatoka Dar, na barabara ya masika unaijua."

"Mzee, naomba nichape ukurasa mmoja tu."

Akakubali shingo upande. Karatasi ikatoka nyeupe, maandishi meusi, kama siku zote. Aliigeuza akatazama na nyuma, kisha akaondoka nayo.

Niliogopa, sikatai. Lakini fomu za kaya naziingiza mimi kwenye kompyuta, na macho ni yangu.

Saa tisa bosi akaniita ofisini kwake. Akachungulia kwanza kama kuna mtu nje, ndipo akanionyesha kompyuta yake, akasema taratibu, "Hebu niwekee na mimi."