Mtu Mzima Apande Kwanza

Ibadakuli, Shinyanga
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa shemeji Ndaki,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la huko Geita limekuhurumia. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila meno yanapungua na maneno yanaongezeka. Nimeona niandike, maana kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati, halafu unasingizia mtandao.

Habari kubwa hapa ni ya Noela na kile kikosi chao cha vijana wa urubani. Hukutana kila Jumamosi karibu na uwanja wa ndege, chini ya mwalimu Abdulwahab, fundi mstaafu wa ndege. Mama aliposikia mjukuu wake amejiunga na vijana wa ndege, alidhani wanakwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Alimtafutia kombeo, akauliza kwa nini kazi hiyo siku hizi inataka sare na viatu vyeusi. Nimemweleza, lakini kombeo Noela bado huenda nalo, kwa ajili ya amani ya nyumbani.

Ndege ya mazoezi waliichora kwa chokaa chini, wakapanga viti vya plastiki ndani yake. Siku ya kujifunza kuongea kwa redio na mnara wa kuongozea ndege, Noela alianza kwa shikamoo, akanyamaza kusubiri aitikiwe. Mwalimu, ambaye ndiye alikuwa mnara, alimwambia aseme yeye ni nani na anataka nini, basi. Noela akajibu kwamba hawezi kumwomba mtu mzima njia bila kumsalimu. Mwalimu akasema kwa mwendo huo ndege itafika Mwanza wao bado wanaulizana habari za ng'ombe.

Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Unamkumbuka marehemu mdogo wako, Ngusa wangu. Ndege ikipita, aliacha jembe, akavua kofia, akaipa shikamoo. Nilipomtania, alisema huwezi kujua, huenda mna mtu mzima humo ndani. Miaka yote ile hakuna aliyemwitikia.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ulikataa Noela asirushwe angani. Ulisema tumeshamzika Ngusa, hutaki kuzika na mtoto, na kwamba atapanda siku mtu mzima wa ukoo huu atakapopanda kwanza, akarudi na akili zake. Nilikuheshimu, ingawa wewe hushuka kwa kamba kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, na hatujawahi kumtanguliza mtu akujaribie.

Jumamosi iliyopita alikuja rubani, binti aitwaye Raudha, na ndege ndogo ya kuwazungusha vijana mmoja mmoja. Zamu ya Noela ilipofika, nilimwambia baba mkubwa hajaruhusu. Hakubisha. Alivua kofia ya kikosi, akaishika kifuani kama alivyofanya baba yake. Injini inanguruma, kiti kitupu, mwalimu anauliza nani anafuata.

Shemeji, nilipanda mimi.

Nilifumba macho mpaka Raudha aliponiambia, kupitia vile vidude vya masikioni, kwamba nyumba zetu zile pale chini. Niliona bati letu, mtama, na kaburi la Ngusa kando ya ua. Nikaikumbuka kofia yake. Mtu mzima ndani ya ndege safari hii nilikuwa mimi. Nikasema kwa sauti, marahaba.

Binti wa watu alishtuka. Aliomba radhi kwamba kwa haraka alisahau kunisalimu, akanipa shikamoo palepale angani. Sikumsahihisha. Nilimwitikia na yeye.

Basi mtu mzima amepanda, amerudi, na akili zake ni hizi unazozisoma. Raudha atakuja tena mwezi ujao. Neno lako ulilolisema mwenyewe ndilo tunalolingojea, mimi na Noela, ingawa yeye anajifanya yuko mbioni kusugua viatu.

Mama anakusalimu. Ameniuliza kama huko juu ndege walikuwa wengi, maana mtama unakaribia kuiva. Msalimie mama Boaz na watoto wote, na ujifunike usiku.

Ni mimi shemeji yako, mzima wa viungo vyote,
Mama Noela