Maelezo Kuhusu Majibu ya Damu ya Ng'ombe Namba Tisa

SHAHIDI: Mwanamke, miaka 52, maarufu kwa jina la Mama Maziwa. KAZI: Mfugaji. MAKAZI: Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. TAREHE: 12 Machi, Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

Nimepoteza ng'ombe wanane kati ya kumi na wanne, kuanzia tarehe 3 hadi 11 Machi mwaka huu. Nilianza na ndama mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita. Hakuna aliyenirithisha hata kamba.

Mnamo tarehe 2 Machi jioni niliona homa na tezi zilizovimba chini ya masikio. Nilijaza fomu ya maabara, namba za hereni zote kumi na nne. Alfajiri ya tarehe 3 namba tisa akafa. Saa mbili tulikuwa tumeshamfukia. Daktari wa mifugo alifika saa tatu, akatoa damu kwa kumi na watatu waliobaki, chupa kumi na tatu zenye vifuniko vya zambarau. Kwenye fomu sikuikata namba tisa. Kosa hilo ni langu.

Saa sita na dakika ishirini nilikabidhi chupa mwenyewe kwa mtaalamu wa maabara, mtu mzima mwenye miwani. Alijisifu sana. Akasema, "Hadubini inaweza kupitiwa, mama. Sisi tunasoma vinasaba vya kimelea chenyewe. Kila damu ina mstari wake kwenye mchoro wa mashine, na tunaweka damu yenye kimelea tunachokijua, kuhakikisha mashine haijalala." Akaniambia kazi ni siku mbili.

Majibu yalikuja kwenye simu yangu saa kumi na nusu siku ileile, na karatasi yenye mhuri ikafuata kesho yake. Tangu nikabidhi chupa ulikuwa umepita muda wa saa nne na dakika kumi tu. Wote: "Hana vimelea."

Nilimwambia daktari, "Tezi ni kama mayai ya kuku, hii si ndigana, ugonjwa wa vimelea vya kupe?"

Akajibu, "Karatasi ina mhuri, mama. Mimi ni nani nibishane na mashine?" Akatibu homa ya mapafu. Wakafa saba wengine.

Jana mchana nilikuwa nakata namba za waliokufa kwenye ile karatasi ya majibu. Nikafika namba tisa. "Hana vimelea." Nikahesabu: chupa kumi na tatu, majibu kumi na manne.

Leo saa mbili asubuhi nilikwenda maabara. Nikamuuliza yule mtaalamu, "Namba tisa mlimpima kwa damu ipi?"

"Ya kwake, mama, ya nani tena?"

"Huyo alikuwa udongoni kabla sindano haijafika zizini."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Labda ni makosa ya kunakili."

"Basi, ndugu yangu, nionyeshe mchoro."

"Hata nikikuonyesha hutauelewa."

"Kuhesabu hadi kumi na tatu naweza."

Akasema mchoro umefutika. Hakunitazama.

Sisemi hawakupima. Sikuwamo ndani. Nasema aliyenakili fomu yangu neno kwa neno anaweza kuwa hakufungua chupa hata moja.

Wamebaki sita. Namba mbili ameamka na homa leo. Dawa ya ndigana husaidia ikiwahi, na daktari hachomi sindano kinyume cha karatasi yenye mhuri. Kwa hiyo sitaki pole, wala kikao, wala "tunalifuatilia". Maabara ijibu kwa maandishi: damu ya ng'ombe wangu kumi na watatu ilipimwa, au haikupimwa? Nataka jibu kesho Ijumaa, tarehe 13, saa nne kamili asubuhi.

Nimesoma yote haya kwa macho yangu, ni maneno yangu, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kumaliza saa nne na robo. Shahidi amenisahihisha mahali pamoja: niliandika wamekufa saba, ni wanane. Ameomba saa ya kujibiwa ipigiwe mstari. Nimeipigia.