Ninafunga, Mama

Walikale, Ijumaa, mwezi wa kumi na moja 1954

Kwako Dada Epiphanie, kule Mushaki,

Nakusalimia na mikono miwili. Huku mvua haipumziki, na maharagwe uliyonipa yameoza yote. Mutoto iko muzima, ameota meno mawili.

Uliuliza kama ningali nasali. Nasali asubuhi na jioni, na Ijumaa sigusi nyama. Njo hiyo imeleta shida. Ijumaa iliyopita bwana yangu Symphorien alileta nyama ya pori, nikakataa. Nikamwambia mama yake, «Ninafunga, Mama.» Akashituka. «Unamufungia mutoto wangu pori?» Huku wanasema muke akikataa nyama ya bwana yake, pori inamufungia bwana njia. Nilitafuta neno lingine la kumweleza, sikulipata.

Kesho yake Symphorien akaenda kuwinda na nyavu na mbwa zake zenye kengele shingoni. Alisema siku mbili. Leo iko siku ya saba, Ijumaa tena.

Asubuhi hii mama mukwe ameniwekea nyama ileile, ameikausha juu ya moto. Akasema, «Kula, binti. Mungu wako anasamehe. Pori haisamehe.»

Padri iko mbali, Dada, na wewe uko mbali zaidi. Ningemuuliza nani?

Nimekula. Kwanza nilifanya alama ya musalaba, namna ulinifundisha. Mama mukwe akaniangalia, naye akaifanya, kwa mukono wa kushoto. Sikumusahihisha.

Sasa tumeketi wote wawili mulangoni. Kengele za mbwa hatujazisikia bado.

Mudogo wako,
Euphrasie