Sebule Isiyo na Paa

Mjukuu wangu Kemilembe,

Huku Muleba tu wazima. Senene wameanguka kwa wingi mwaka huu. Shangazi yako amekukaangia kopo zima, na kazi yangu ni kumzuia babu yako asilifungue.

Unaniuliza kama ni aibu wewe na mumeo, watu wenye mishahara, kuhamia nyumba ambayo haijaisha, sebule bado haina paa. Ngoja nicheke kwanza.

Miaka ya ujamaa, mimi muuguzi na babu yako mwalimu, tuliacha chumba cha kupanga mjini Bukoba tukahamia nyumba yetu hii. Mabati yalikuwa adimu; tuliyopata yalitosha chumba cha kulala tu. Sebule ilikuwa kuta nne basi. Mara tukasikia mama mkwe anakuja na wanawake wa ukoo kuiona nyumba.

Nilitandika nyasi mbichi sebuleni, kama tulivyofundwa, nikawapokea kwa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mama mkwe alitazama kuta, kisha akatazama juu. Akachukua punje, akatafuna, akawaambia wenzake:

"Sogeeni, wengine wakae. Nyumba ya mwanangu ina nafasi mpaka mbinguni!"

Tulicheka mpaka mvua ikatukimbiza chumbani sote. Mama mkwe alikaa katikati ya kitanda chetu, kikapu mapajani, akiendelea kugawa kahawa kama mwenye nyumba.

Hamieni, mama. Ila sebule msiiezeke kabla sijafika. Nami nataka kukaa chini ya mbingu hizo, nigawe kahawa.

Bibi yako