Shubiri Moja Kabla ya Kitanda

Temeke, Dar es Salaam
12 Agosti, 1953

Dada yangu mpenzi Yustina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Newala, wewe na shemeji, na kwamba kifua cha mama kimetulia. Huku mke wangu Yuliana anakusalimu. Mtoto wetu Tekla ametimiza miezi minne, anamchekea kila mtu. Ila mie, sijambo yangu ni ya mdomoni tu.

Mwezi wa sita nilikuwa nachonga mpingo, kibanzi kikaruka kikanichoma jicho la kushoto. Wanijua nilivyo mkaidi. Niliosha kwa maji nikaendelea na kazi. Sasa jicho hilo halioni kitu, ingawa ukilitazama utadhani zima, na sijamwambia mtu.

Nilidhani moja litatosha. Kumbe, dada, macho mawili ndiyo yanayouambia mkono kitu kiko umbali gani. Nanyoosha mkono nichukue kikombe, nafumba vidole, nimeshika hewa. Chai naimimina mkekani. Nimejifunza kugusa kwanza ndipo nishike. Hata tezo yangu ya kuchongea naigusisha kwenye gogo kabla ya kuiinua, maana gogo nalibana kwa miguu na vidole vyangu viko papo hapo. Wenzangu wananitania eti siku hizi naubembeleza mti. Nacheka nao.

Mtoto simpokei tena. Yuliana akininyooshea, nasema mikono yangu ina vumbi. Juzi aliniuliza kama ninamkataa mwanawe. Kaka yake Wilbert anafika Jumamosi, na wajua kwetu mjomba akisema mtoto arudi kwa ukoo wa mama yake, baba hana neno. Naogopa kubaki na nyumba tupu.

Lakini hofu kubwa si hiyo. Jumanne ya wiki iliyopita Yuliana alimwacha mtoto amelala, akaenda bombani. Mtoto akaamka akilia. Nilimpapasa, nikamchukua vizuri, nikamwimbia mpaka akasinzia. Nikainama kumlaza. Jicho likasema kitanda ndicho hiki, mikono ikaliamini, nikamwachia. Kitanda kilikuwa shubiri moja mbele. Alianguka sakafuni kwa kichwa, na ule mlio bado nausikia.

Uvimbe umekwisha, ananyonya vizuri. Ila Yuliana aliporudi na kuuona, alisema kosa ni lake kwa kumlaza ukingoni. Alilia sana. Nami, dada, nilimwambia asilie, mambo hayo hutokea.

Nisalimie mama na wote wa nyumbani, na mniombee.

Yuliana hajui kusoma. Jioni hii, kabla ya kuifunga bahasha, nitamsomea barua hii yote. Nimekwisha kuandika nyingine isiyo na habari za kitanda, niitume hiyo nikishindwa, kwa jinsi ninavyoogopa. Ukiipata hii, ujue nimemsomea mpaka hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Marselino